Kabla Hujasema Mfumo Unasumbua

Kompyuta namba 3 iko karibu na dirisha kwenye steshenari yangu hapa Morogoro, na wateja huikimbilia kwa sababu ya upepo. Jioni moja, miaka michache iliyopita, alikaa hapo binti aliyekuwa amemaliza kidato cha sita. Mkononi alikuwa na karatasi yenye anwani ya tovuti ya chuo alichokuwa anaomba, na maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyohiyo saa 6 usiku. Aliandika anwani, akasubiri, akaniita.

"Dada, samahani. Mfumo unasumbua."

Nilikwenda nikatazama. Ukurasa ulikuwa mweupe, maandishi meusi yamerundikana upande wa kushoto, viungo vya bluu vilivyopigiwa mstari vimeshuka kimoja chini ya kingine kama orodha ya mahudhurio. Nembo ya chuo ilikuwa imevimba hadi kujaza nusu ya skrini. Visanduku vya kujazia majina vilitawanyika bila mpangilio, na kitufe cha "Endelea" kilikuwepo lakini ukikibonyeza hakuna kinachotokea.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia lile neno ambalo sisi wenye steshenari tunalisema kila siku: wamezidiwa hao, rudi kesho asubuhi. Nikakumbuka kwamba kwa maombi yale hapakuwa na kesho asubuhi. Nikatoa simu yangu, nikafungua anwani ileile kwa bando langu mwenyewe. Ukurasa ukaja umekamilika: kichwa cha kijani, nembo ndogo kwenye kona, fomu imepangwa hatua kwa hatua.

Kumbe chuo kilikuwa sawa kabisa. Aliyekuwa na tatizo ni mimi.

Nilimwomba kijana aliyekuwa namba 1 anipishie, binti akahamia pale, na kabla ya saa 3 usiku alikuwa ameshatuma maombi na kupata namba ya uthibitisho. Nikabaki na namba 3. Sikufunga duka mapema siku ile, maana nilijiuliza ni watu wangapi nimewarudisha nyumbani kwa neno moja ambalo sikulihakiki.

Ukurasa wa tovuti hauji kwenye kompyuta yako kama picha moja iliyokamilika, na hilo ndilo jambo ambalo ningetamani kila mwenye steshenari, kila mwalimu wa kompyuta na kila mzazi anayemsaidia mtoto kujaza fomu alijue. Kwanza linakuja faili la HTML lenye maneno na mifupa ya ukurasa. Ndani ya faili hilo mna maagizo: nenda kachukue faili la mtindo kule, programu ndogo ya JavaScript pale, picha hizi, herufi zile. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kinatoka kwenda kuvitafuta kimoja kimoja, na mara nyingi haviko kwenye seva moja, ile kompyuta inayohifadhi tovuti. Maneno yanaweza kuwa Dar es Salaam, mtindo ukawa Ulaya, programu ikawa Marekani. Kila kimoja kinaweza kukwama peke yake, na vingine vikafika salama.

Tena kivinjari kimeumbwa kuwa na subira. Kikikosa faili la mtindo hakigomi wala hakikuambii neno, kinakuonyesha kile kilichofika. Mwaka 1989, Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake la wavuti pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, na hata kurasa za kwanza kabisa zilipopatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukurasa ulikuwa maandishi na viungo tu. Mavazi yalikuja baadaye: Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa pia CERN, alipendekeza CSS, lugha ya kuandikia mafaili ya mtindo, Oktoba 1994, na toleo la kwanza likapitishwa rasmi Desemba 1996. Ukurasa unaokosa CSS unarudi kuonekana kama ndugu zake wa miaka ile. Kwa hiyo nilichokiona kwenye namba 3 kilikuwa ukurasa uliofika bila nguo. Maneno yote yalikuwepo. Swali likawa moja tu: nguo zimezuiliwa wapi?

Ukibonyeza F12 kwenye kivinjari cha kompyuta, linafunguka eneo la mafundi, na ndani yake mna konsoli. Huhitaji kujua kuandika programu ili uisome. Mistari myekundu ndiyo malalamiko ya kivinjari, yale ambayo hakikuyasema mbele ya mteja. Kwenye namba 3 ilikuwa mingi, yote ikilalamikia kitu kilekile: tarehe ya cheti cha usalama si sahihi. Nikashusha macho kwenye kona ya chini ya skrini. Kompyuta ilikuwa inaishi tarehe 1 Januari 2010.

Seva ikitaka kuzungumza na kivinjari chako kwa njia salama, ile inayoanza na https, inaonyesha cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Vingi vya siku hizi vinaishi miezi tu. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo bure, kwa mfano, imekuwa ikitoa vya siku 90. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2010 ikipewa cheti kilichoanza kutumika mwezi uliopita, inaona cheti kutoka miaka ijayo, na inakikataa. Ingekuwa ukurasa wenyewe umekuja kwa https, kivinjari kingetoa onyo kubwa la skrini nzima na kutaja saa. Lakini tovuti ile ya chuo ilikuwa bado inatumia http ya zamani, isiyo na cheti. Maneno yalipita bila kuulizwa. Mtindo na programu, ambavyo vilitoka seva nyingine kwa https, vikazuiwa kimyakimya. Na kwa kuwa binti aliandika anwani moja kwa moja kutoka kwenye karatasi, hakupita Google wala tovuti nyingine ambako lile onyo kubwa lingetokea likatuamsha.

Chanzo cha yote kilikuwa betri ndogo ya duara kwenye mazabodi (bodi kuu iliyo ndani ya kompyuta), ile iliyoandikwa CR2032, volti 3, upana milimita 20. Kazi yake ni kuiendesha saa wakati kompyuta haina umeme. Kompyuta nyingi za dukani kwangu nilizinunua zikiwa zimeshatumika, na betri zake zilikuja zikiwa zimechoka. Umeme ukikatika, saa inasahau kila kitu na kurudi tarehe ya kiwandani. Kujirekebisha kwa saa kupitia intaneti kulikuwa kumezimwa, na mimi sikuwa nimetazama. Betri hiyo haizidi bei ya chipsi mayai. Siku hizi ninazo kwenye droo, pamoja na wino na karatasi, na kuangalia tarehe ni jambo la kwanza ninalofanya umeme unaporudi.

Tatizo langu na neno "mfumo" ni kwamba limemeza kila kitu. Chuo ni mfumo, ofisi ni mfumo, waya wa intaneti ni mfumo, kivinjari ni mfumo, kompyuta yangu yenye betri iliyokufa nayo ni mfumo. Ukimwambia mtu mfumo unasumbua, umemwambia kwamba kosa liko mahali asipoweza kufika, na kwamba kazi yake ni kungoja. Dukani kwangu wanakuja watu kutoka Kilosa na Mvomero. Wamelipa nauli, wameacha shamba au genge. Ukiwaambia warudi kesho, umewatoza siku nyingine na nauli nyingine. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimelifanya.

Ndiyo maana sasa ninautazama kwanza uso wa ukurasa, kwa sababu namna ulivyoharibika inasema mengi kuhusu kilichokosekana.

Ukurasa usio na nguo, kama ule wa binti, unasema mtindo haukufika. Ukurasa uliovaa vizuri lakini vitufe vyake havisikii, orodha hazifunguki, kiduara kinazunguka bila kukoma, huo aghalabu umekosa JavaScript, au imefika na kivinjari kimeshindwa kuielewa. Hapo ndipo kompyuta na simu za zamani zinapotuumiza. HTML na CSS zina uvumilivu. Kivinjari kikikutana na neno geni kinaliruka na kuendelea na linalofuata. JavaScript haina uvumilivu huo. Faili zima linaweza kukataliwa kwa sababu ya alama moja ya uandishi ambayo kivinjari hakiijui. Kuna namna ya kuandika inayotumia alama ya kuuliza ikifuatwa na nukta, ambayo Chrome ilianza kuielewa toleo la 80, Februari 2020. Simu yenye toleo la nyuma ya hapo ikikutana nayo inaliacha faili zima, na mteja anaona kitufe kizuri kisichofanya kazi. Anabonyeza mara 10. Anadhani kidole chake ndicho kibaya.

Kwa wenye Windows 7, na bado tuko wengi, Chrome 109 ya Januari 2023 ndiyo ya mwisho mnayoweza kupata. Itafungua kurasa nyingi kwa muda, kisha moja baada ya nyingine zitaanza kugoma bila kueleza. Dawa ni kupandisha Windows kama mashine inaweza, au kuweka Linux nyepesi inayoshika nafasi ya Windows. Mimi nilifanya hili la pili kwa mashine mbili, na wateja waliuliza siku ya kwanza tu.

Halafu kuna ukurasa uliochanganyikiwa: menyu imekaa juu ya maandishi, nusu ina sura mpya na nusu sura ya zamani. Jana ulikuwa mzuri. Huo mara nyingi ni kumbukumbu. Ili kuokoa bando, kivinjari huhifadhi mafaili kiliyokwisha kuyachukua, mafundi wanaita kashe. Wenye tovuti wakibadilisha ukurasa bila kubadilisha majina ya mafaili, kivinjari chako kinaweza kuchukua mifupa mipya na kuivalisha nguo za mwaka jana. Ctrl na F5 kwa pamoja zinakilazimisha kivinjari kwenda kuchukua kila kitu upya kwa ukurasa huo. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kugusa chochote, fungua anwani hiyo kwenye dirisha fiche (Incognito). Dirisha hilo linaanza bila kashe ya zamani, bila vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari), na kwa kawaida bila viendelezi kama vile vinavyozuia matangazo. Ukurasa ukipona humo, ugonjwa uko kwenye kivinjari chako, si kwao.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu ushauri unaotolewa zaidi mitaani ndio unaoharibu zaidi: "Futa kila kitu." Mama mmoja mwalimu alikuja kwangu baada ya kuambiwa hivyo na kijana wa jirani. Alikuwa na ukurasa mmoja tu uliokaa vibaya. Walipofuta, walitia alama kwenye kila kisanduku, pamoja na kile cha nywila zilizohifadhiwa. Alipoteza njia ya kuingia kwenye barua pepe yake, na fomu yake ya uhamisho aliyokuwa amefika katikati ikarudi mwanzo. Tulikaa saa nzima kurudisha barua pepe, na bahati ni kwamba laini yake ya simu ilikuwa ileile aliyojisajilia. Ukurasa wenyewe, tulipoufungua, ulikuwa umekuzwa tu. Mtoto alishika Ctrl akazungusha gurudumu la kipanya, na kitufe cha kutuma kikasukumwa nje ya skrini. Ctrl na 0 zilitosha. Chrome hukumbuka ukuzaji kwa kila tovuti, ndiyo maana tovuti ile moja ilikuwa mbaya kila siku huku nyingine zote zikiwa sawa, na ndiyo maana aliamini kosa ni la tovuti.

Zipo siku ambazo kosa kweli liko mbali. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, kebo za chini ya bahari zinazotuunganisha Afrika Mashariki na dunia zilikatika, na Tanzania tuliumia sana. Siku zilizofuata nilijifunza kitu. Baadhi ya tovuti ambazo seva zake ziko hapahapa nchini zilikuwa zinafunguka, lakini bila nguo. Maneno yalikuwa nyumbani, mtindo na herufi vilikuwa ng'ambo ya bahari. Wanaotengeneza tovuti za huduma kwa wananchi, kama mnasoma hapa: faili la mtindo ni dogo. Liwekeni kwenye seva yenu pamoja na fomu. Mkulima wa Turiani anayetafuta kibali asizuiwe na herufi za mapambo zilizoko bara jingine.

Nimeandika "ng'ambo" na nimekumbuka jambo ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu kuliko yote niliyoyataja.

Umewahi kufungua habari ya Kiswahili ukakuta ngâ€™ombe? Au Changâ€™ombe? Takataka hizo hazitokei ovyo. Kiswahili chetu kinaandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama juu wala chini, hivyo tunaepuka misukosuko mingi wanayoipata wenzetu wa lugha nyingine. Tumebaki na alama moja, ritifaa ya ng'. Kwenye kibodi alama hiyo imesimama wima, na katika kompyuta ni namba 39, baiti moja (kipande kidogo cha hifadhi), haimsumbui mtu. Lakini ukiandika kwenye programu kama Word, inaigeuza kuwa ile iliyopinda, inayopendeza zaidi. Hiyo iliyopinda, katika UTF-8, inahifadhiwa kwa baiti tatu: 226, 128 na 153. UTF-8 ndiyo njia ya kuhifadhi maandishi inayotumiwa na karibu wavuti wote leo. Mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson aliibuni pamoja na mwenzake Rob Pike Septemba 1992, wakiwa mezani kwenye mkahawa huko New Jersey. Ukurasa au hifadhidata ikidhani maandishi yamehifadhiwa kwa njia ya zamani ya Windows, inasoma kila baiti kama herufi kamili. 226 inakuwa â, 128 inakuwa alama ya yuro, 153 inakuwa alama ya biashara. Ng'ombe wako anatembea na pesa ya Ulaya katikati ya jina.

Waandishi wa Kiingereza nao hukutana na hili. Lakini kwao alama hiyo inafupisha maneno, na ikiharibika msomaji anakisia. Kwetu ni sehemu ya sauti. Ng'oa ni kung'oa. Ngoa ni jambo jingine kabisa. Ikitokea ukurasa mmoja tu umekuja hivyo, Firefox ina amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi kwenye menyu, na mara nyingine inasaidia. Kama maandishi yaliharibikia kwenye hifadhidata, hakuna kitufe kwako kitakachoyaponya. Ni lazima mwenye tovuti aambiwe, na aambiwe kwa usahihi.

Mwaka jana alikuja mzee wa Kisukuma, mfugaji, aliyehamia upande huu miaka mingi. Jina lake linaanza na Ng'w, kama majina mengi ya kwao. Alikuwa amesajiliwa kwenye ofisi moja na akataka nimchapie cheti chake kutoka kwenye tovuti yao. Kikatoka, na jina likasomeka Ng'w, kisha mengine yanafuata.

"Mwanangu," akasema, "hizi namba ni za nini kwenye jina langu?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwenye maandishi ya HTML yanayounda ukurasa, alama ile ya 39 inaweza kumaanisha "maneno yameishia hapa", na wahalifu huitumia kuingiza amri zao. Kwa hiyo watengenezaji huifunika kwa usalama, inakuwa ', na kivinjari kinaifunua wakati wa kuonyesha. Mfumo ule ulikuwa unaifunika mara mbili. Kivinjari kilifunua mara moja, na lile funiko la pili likabaki usoni. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu, akakata zile alama kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaweka ritifaa yake kwa mkono. Akaenda nacho ofisini hivyohivyo, wakakigonga muhuri.

Mimi nilipiga picha ya skrini na kuwaandikia. Sikuandika kwamba mfumo unasumbua. Niliandika kwamba majina yenye ritifaa yanafunikwa mara mbili, nikaeleza ni sehemu gani ya cheti, nikataja kivinjari na toleo lake, na kwamba nimejaribu kwenye simu na kwenye kompyuta nikapata kilekile. Baada ya siku 4 fundi wao alinipigia. Aliniuliza maswali mawili, akashukuru, na wiki iliyofuata jina lilikuwa limenyooka.

Nilimtumia mzee salamu kwa kijana wake wa bodaboda. Alikuja Jumamosi, nikamchapia kipya bila malipo. Alikiweka kwenye meza kando ya kile cha zamani, akapitisha kidole chini ya herufi moja moja mpaka kwenye ile alama. Kisha akavikunja vyote viwili akavitia kwenye mfuko wa koti, maana kile chenye kalamu ndicho chenye muhuri.